Kaskazi Inapokoma: Ukilipia Safari ya Jahazi Mwisho wa Msimu

Kilosa na Mikumi ziko mbali na bahari, na yamkini baadhi ya wasomaji watauliza sura inayohusu majahazi inatafuta nini katika kijitabu kinachogawiwa huku. Jibu liko stesheni. Tangu treni za reli ya kisasa zilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma katikati ya mwaka 2024, mkazi wa Kilosa anaweza kutoka nyumbani kwake asubuhi na kufika bandarini siku iyo hiyo. Safari ya visiwani, ambayo zamani ilikuwa jambo la kupangwa mwaka mzima, imekuwa karibu kwa kwaya, kwa walimu wa shule moja, kwa vikundi vya kuweka na kukopa, na kwa wafanyakazi wa nyumba za wageni za Mikumi, ambao nao hupata nafasi ya kupumua masika yanapoanza na watalii wa hifadhini kupungua.

Hapo ndipo shaka yetu inapoanzia. Michango ya kikundi hukamilika polepole, na mara nyingi fedha hutimia mwishoni mwa Machi au katika Aprili, majira ambayo watu wa pwani wanafunga msimu wa matanga. Muuzaji wa safari hushusha bei. Mnunuzi wa bara, asiyejua kwa nini imeshuka, huona amepata bahati. Sura hii inaeleza sababu za bei hiyo kushuka, na mambo ambayo hayana budi kuandikwa kabla fedha haijatoka mkononi.

Upepo usio na mwenyewe

Pwani yetu hutawaliwa na pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ikitoka upande wa kaskazini-mashariki. Ndiyo iliyoleta majahazi ya Arabuni, Ghuba na India kwa karne nyingi. Kusi huifuata, nayo huwa na nguvu zaidi na mawimbi makubwa zaidi. Ndiyo iliyoyarudisha majahazi hayo kwao. Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi ambacho mabaharia hukiita maleleji, au tangambili. Asubuhi bahari inaweza kuwa shwari hata tanga likaning'inia kama nguo kambani. Alasiri wingu linapanda, upepo unageuka bila taarifa na mvua inashuka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huhesabu Machi hadi Mei kuwa miezi ya masika, kwa hiyo tangambili na masika huenda pamoja.

Vimbunga vya bahari ni nadra katika pwani ya Tanzania, lakini vile vinavyokumbukwa zaidi vilikuja katika majira haya. Kilichoharibu Unguja mwaka 1872, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu, kilikuja Aprili. Kilichopiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili pia. Jobo cha mwaka 2021, kilichodhoofika kabla ya kuleta madhara makubwa, kilikuwa cha Aprili. Hidaya kilifika karibu na Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, na kwa siku hizo hata boti kubwa za kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitisha safari.

Hatusemi kwamba Aprili haisafiriki. Siku nyingi za mwezi huo ni njema, na wapo manahodha ambao wamevuka katika kila tangambili ya maisha yao. Tunachosema ni kwamba katika majira haya hakuna anayeweza kuahidi siku kwa uhakika, na ahadi ya siku ndiyo hasa inayouzwa.

Wakazi wa Kilosa hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziliufurisha Mto Mkondoa, zikawaondoa maelfu ya watu katika makazi yao, na kuikata reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe kwa muda wa miezi. Hakuna mwenye tiketi aliyeweza kuushitaki mto. Swali lililobaki lilikuwa moja tu: fedha ya tiketi iko kwa nani, na itarudi lini? Baharini swali ni hilo hilo.

Chombo kilichofanya kazi miezi minne

Sababu ya pili ya bei kushuka haionekani kwa macho ya mtu wa bara, nayo ni hali ya chombo chenyewe. Jahazi la mbao huishi kwa matunzo. Baada ya miezi kadhaa ya kazi, pamba iliyoshindiliwa katika nafasi za mbao huanza kulegea, maji hupenya taratibu, konokono na majani ya bahari hushika sehemu ya chini, na tanga lililopigwa na jua huwa jepesi kwenye mishono. Kwa sababu hiyo msimu ukiisha mwenye chombo hungoja bamvua, maji yanapojaa sana, akakipandisha pwani na kukiegemeza kwa magadi. Hapo hukwangua sehemu ya chini, hukalafati nafasi za mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta, na kupaka sifa, yaani mafuta ya papa, kwa juu, na shahamu iliyochanganywa na chokaa kwa chini. Kazi hiyo hudai fedha nyingi na siku nyingi, na katika siku hizo chombo hakiingizi hata shilingi.

Tazama basi mahali mnunuzi wa Aprili anaposimama. Safari anayouziwa huenda ndiyo ya mwisho kabla ya chombo kupandishwa, na malipo yake ya awali huenda ndiyo yatakayonunua pamba na mafuta. Hakuna ubaya wowote katika hayo ikiwa chombo kimekaguliwa na nahodha ni mwangalifu. Ubaya huingia pale mwenye chombo anapoona kwamba akiahirisha safari atapaswa kurudisha fedha aliyokwisha kuitumia. Mtu aliyebanwa hivyo hushawishika kung'oa nanga siku ambayo, kama angekuwa na hiari, asingeing'oa. Ndiyo maana tunasisitiza makubaliano ya marejesho kuwa ni suala la usalama, na si la mfukoni peke yake.

Punguzo kubwa kupita kiasi liulizwe. Muulize muuzaji kwa maneno mepesi: chombo hiki kilipandishwa pwani mara ya mwisho lini, na kitapandishwa tena lini? Mwenye chombo mwaminifu hujibu swali hili papo hapo, tena wengine hulifurahia. Anayekwambia kwamba hilo halikuhusu amekujibu pia.

Upande wa Tanzania Bara, usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Wakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Upande wa Zanzibar kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini Zanzibar. Chombo kinachochukua abiria kwa malipo kinatakiwa kuwa na usajili, ukaguzi na idadi ya watu kinaoruhusiwa kubeba. Omba upigiwe picha ya hati hizo na utumiwe kwa simu kabla ya kulipa. Kisha linganisha vitu viwili tu, tarehe ya mwisho ya hati na idadi ya watu. Jahazi lililoruhusiwa kubeba watu 15 haliwi la watu 22 kwa sababu kikundi chenu kina watu 22.

Kwa habari ya idadi, taifa lina kumbukumbu chungu. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa na watu wengi mno kuliko iliyoruhusiwa. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe, siku ya upepo mkali. Hizo zilikuwa meli za injini. Jahazi dogo la tanga lina nafasi finyu zaidi ya kukosea.

Kabla fedha haijatoka mkononi

Tuchukue mfano. Kikundi cha watu 20 wa Kimamba kimekubaliana na muuzaji wa safari aliyeko Mikumi: siku tatu Unguja, na katika siku hizo moja ya kuzunguka visiwa vidogo kwa jahazi. Kila mmoja atatoa shilingi 150,000, jumla 3,000,000, na nusu yake imetakiwa mapema. Kikundi kinatuma 1,500,000 kwa simu. Jioni ya kuamkia siku ya jahazi, Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa. Nahodha anakataa kutoka. Nani anabeba hasara?

Kama hakuna kilichoandikwa, kila upande utakuwa na jibu lake. Muuzaji atasema upepo si kosa lake, na kwa hilo yuko sahihi. Kikundi kitasema hakikupata kilicholipia, nacho kiko sahihi vilevile. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inaweka msingi ulio wazi: jambo lililokubaliwa likishindikana kutekelezwa baada ya mkataba kufungwa, mkataba huo hubatilika, na aliyepokea manufaa chini yake anapaswa kuyarejesha au kuyafidia. Hata hivyo, msingi huo haumalizi ubishi. Upepo wa Jumamosi haumaanishi kwamba Jumatatu haisafiriki, na muuzaji anaweza kudai kwamba safari haijashindikana bali imesogezwa. Kwenu ambao tiketi ya treni ya kurudi ni ya Jumapili, kusogezwa hadi Jumatatu ni sawa na kushindikana. Sheria haiwezi kujua ratiba yenu. Karatasi yenu inaweza.

Kwa hiyo karatasi iwepo, hata ikiwa ni ukurasa mmoja wa daftari uliosainiwa na pande zote mbili. Iandike jina la chombo na namba yake ya usajili, kwa sababu safari ya jahazi lililokaguliwa hubadilika kwa urahisi kuwa safari ya mashua ya jirani siku yenyewe inapofika. Iandike nani mwenye mamlaka ya kusema leo hatutoki. Tunashauri iwe nahodha au tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa, lolote litakalotangulia, na kwamba abiria wasishurutishwe kupanda pale angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa inapokuwa imetolewa kwa eneo hilo. Halafu liandikwe neno kubwa kuliko yote: safari ikiahirishwa kwa hali ya hewa, uchaguzi kati ya tarehe nyingine na kurudishiwa fedha ni wa abiria, na fedha itarudishwa kwa njia ile ile iliyolipwa, ndani ya siku zinazotajwa kwa hesabu. Maneno kama "mapema iwezekanavyo" hayana tarehe, na deni lisilo na tarehe ni gumu kudai.

Ni haki kwa muuzaji naye kulindwa. Akiwa amekwisha kununua chakula cha watu 20 au kulipia vyumba, kikundi kisitarajie kurudishiwa kila senti. Mkubaliane tangu mwanzo ni kiasi gani hakitarudi, na kwa ajili ya nini. Ninyi wenyewe mkighairi kwa sababu zenu, hasara itakuwa kubwa zaidi upande wenu, na hiyo pia iandikwe.

Jihadhari na risiti iliyopigwa mhuri wa maneno kwamba fedha hairudi kwa hali yoyote. Mhuri haufuti sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na wa kumkandamiza mtumiaji katika biashara, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kushughulikia masharti yanayoandikwa na upande mmoja kisha kuwekwa mbele ya mteja akubali tu. Zanzibar ina sheria yake na tume yake ya ushindani, kwa hiyo ni vema kujua muuzaji wako amesajiliwa upande upi wa Muungano.

Kuhusu malipo ya awali, hakuna kiwango kilichowekwa kwa safari za namna hii, na tusingependa kubuni kimoja. Maoni yetu ni kwamba mwisho wa msimu malipo ya awali yawe madogo kadiri muuzaji atakavyokubali, na kiasi kikubwa kilipwe pwani, asubuhi, chombo kikiwa kinaonekana. Lipeni kwa namba ya biashara badala ya namba ya simu ya mtu binafsi, na msome jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri. Jina likiwa tofauti na lile lililoandikwa kwenye karatasi, simameni hapo hapo. Ujumbe wa kitapeli unaoomba fedha itumwe kwenye namba mpya utumeni kwenda 15040. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki. Mbali na kodi ya serikali, risiti hiyo huonesha jina la mlipwaji, tarehe na kiasi, na vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyoulizwa kwanza katika lalamiko lolote.

Muuzaji wa safari za kitalii Tanzania Bara anatakiwa kuwa na leseni ya biashara ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Upande wa Zanzibar leseni hutolewa na Kamisheni ya Utalii. Kijana mwenye simu nzuri na picha nzuri za fukwe, anayekutana na wateja wake kando ya barabara kuu ya Iringa pale Mikumi, anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Lakini kama hana leseni wala ofisi, siku ya ubishi hamtajua mlango wa kubisha hodi.

Yaliyomo ndani ya bei

Bei moja ya jumla hupendeza kwa sababu hurahisisha michango, lakini huficha mengi. Uliza nauli ya treni imo au haimo, boti ya kuvukia imo au haimo, na ada za hifadhi je? Visiwa vya Bongoyo na Mbudya karibu na Dar es Salaam ni hifadhi za bahari zenye ada ya kuingia, na sehemu kubwa ya bahari ya kusini mwa Mafia ni hifadhi tangu mwaka 1995. Kiwango cha raia hutofautiana na cha mgeni, kwa hiyo hakikisha hesabu imefanywa kwa kiwango cha raia. Vivyo hivyo, bima ya lazima ya kuingia Zanzibar iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024 inawahusu wageni kutoka nje ya nchi. Raia wa Tanzania akiitozwa ndani ya kifurushi, aulize.

Zipo pia ahadi za mambo yasiyo mikononi mwa muuzaji. Papa potwe wa Kilindoni, Mafia, samaki mkubwa mno na mpole, huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi. Anayekuuzia safari ya mwisho wa Aprili kwa picha ya papa potwe, na kuandika kwamba utamwona bila shaka, anakupotosha hata kama picha ni ya kweli. Mwenye uungwana husema anaweza kuonekana. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti kati ya matangazo halali na udanganyifu.

Asubuhi ya safari, pwani

Hapa hatutasema mengi, kwa sababu mtu akifika pwani bila karatasi na bila kuuliza, ushauri huwa umechelewa. Jaketi okozi ziwe nyingi kama watu, na watoto wawe na zao zinazowatosha. Zivaliwe kabla ya kupanda. Zikiwa zimefungwa chini ya mizigo hazimsaidii mtu. Hesabuni watu kwa sauti. Tazameni utabiri wa asubuhi hiyo, kwa kuwa ule wa juzi katika tangambili umekwisha kuzeeka. Muulizeni nahodha atarudi saa ngapi, na mkumbuke kwamba upepo ukikata, jahazi lisilo na mashine ya akiba linaweza kungoja saa nyingi.

Nahodha akisema hatoki, msimshawishi. Tumeona mara nyingi kwamba shinikizo la kutoka halianzi kwa mwenye chombo bali kwa abiria wenyewe, waliochanga miezi sita, wenye siku moja tu na wenye simu zilizokwisha kupiga picha ya tanga. Kiongozi wa kikundi awe na neno la mwisho kwa upande wa abiria, na neno hilo liwe limekubaliwa mkiwa bado Kilosa. Na mmoja wenu akiogopa akakataa kupanda wakati wengine wanapanda, asitukanwe wala asiachwe peke yake ufukweni.

Mzigo unaofuata au kutangulia

Baadhi ya wasomaji hawasafiri wenyewe, bali hupeleka mchele, maharage au vitunguu visiwani kwa vyombo vya mizigo, na kurudisha nazi au dagaa. Mwisho wa msimu mzigo huo hukabiliwa na mvua kutoka juu na maji yanayopenya kutoka chini. Andikeni idadi ya magunia na uzito wake, piga picha magunia yakiwa makavu kabla ya kupakiwa, na mkubaliane nani anabeba hasara ya mzigo uliolowa. Mpokeaji afungue na kukagua bandarini, mbele ya mwenye chombo au karani wake. Gunia lililofunguliwa nyumbani siku ya tatu, likakutwa limeota ukungu, ni gumu mno kulidai.

Kurudi nyumbani, na kudai pale inapobidi

Kosa la kawaida katika kupanga safari hizi ni kubana siku ya kurudi. Kati ya kushuka kutoka kisiwani na kupanda treni acheni usiku mmoja, hata ukigharimu malazi. Tiketi ya treni ina saa yake, na tangambili haina. Si kila treni husimama Kilosa, kwa hiyo soma jina la kituo kwenye tiketi na uwe na kitambulisho chako. Wa Mikumi wana njia mbili. Ya kwanza ni kushuka Morogoro na kufuata barabara kuu, ambayo kwa takriban kilomita 50 hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, hivyo ni afadhali kuipita mchana kwa usalama wa abiria na wa wanyama. Ya pili ni kushuka Kilosa na kufuata barabara inayopita Ulaya (Ulaya yetu ya wilayani, si ile ya ng'ambo). Wakati wa masika ulizeni kwanza hali yake kwa waliotoka huko siku hiyo.

Ikiwa fedha haikurudishwa kama ilivyoandikwa, anzeni na barua kwa muuzaji, yenye kiasi, tarehe na siku za kujibu, na mbaki na nakala iliyosainiwa kwamba imepokelewa. Asipojibu, afisa biashara wa halmashauri ya wilaya anaweza kuwaita wote wawili na kuwasikiliza. Lalamiko la udanganyifu katika biashara huenda Tume ya Ushindani. La chombo kibovu au kilichojaza watu huenda TASAC au kwa mamlaka ya Zanzibar. La basi au treni huenda LATRA. Aliyechukua fedha bila kuwa na safari yoyote ya kuuza ni mhalifu, naye ni wa polisi. Deni la kawaida linaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Ila shauri hufunguliwa mahali jambo lilipotokea au anapoishi mdaiwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kununua safari kwa mtu mwenye ofisi Kilosa au Mikumi.

Karatasi ya makubaliano, picha za hati za chombo, orodha ya majina ya wasafiri na namba za ndugu zao vitolewe nakala, na nakala hiyo iachwe nyumbani kwa mtu wa kuaminika ambaye yeye mwenyewe hasafiri.